Kijitabu cha Wakili Langston: shajara ya kazi, Januari hadi Mei

8 Januari

Leo nimefungua daftari jipya na juu ya ukurasa nimeandika jina moja: John Mercer Langston. Klabu ya midahalo hapa shuleni imeniomba kitu cha kusoma kuhusu mawakili walioingia kwenye siasa. Gandhi na Mandela wanawajua, wamewajadili mpaka basi. Safari hii nataka kuwapa mtu wa karne ya 19: Mweusi wa Marekani aliyesomea sheria wakati sheria yenyewe ilikuwa inambishia kama yeye ni raia, akawa wakili, mwalimu wa mawakili, balozi, na mwisho mbunge wa kwanza Mweusi kutoka Virginia.

Mpango ni kurasa 40 ndogo, sura saba, Kiswahili ambacho mwanafunzi wa kidato cha tatu atakisoma bila kuomba msaada. Muda ni hadi mwisho wa Mei. Jirani yangu hapa Tanga, hakimu mstaafu, amekubali kupitia kila sura yenye mambo ya mahakama. Nilipomwendea alikuwa barazani anachambua mchicha. "Shikamoo, Mheshimiwa." "Marahaba, Mwalimu. Lete hizo karatasi, ila nikiweka alama nyekundu usinune." Sitanuna.

13 Januari

Sura ya kwanza imenigomea kwa siku tano, na kikwazo ni jambo ambalo sikulitarajia: nani anazaliwa huru.

Langston alizaliwa tarehe 14 Desemba 1829, katika kaunti ya Louisa, Virginia. Baba yake, Ralph Quarles, alikuwa Mzungu mwenye shamba na watumwa. Mama yake, Lucy Jane Langston, alikuwa na asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Marekani. Alikuwa mtumwa wa Quarles, kisha Quarles akamwacha huru. Walipata wavulana watatu: Gideon, Charles na huyu John, kitinda mimba. Watoto wakachukua jina la mama.

Mwanafunzi wa pwani akisoma hapo atasema: basi, mtoto wa suria, baba kamkubali, huyo ni muungwana na anarithi. Ndivyo tulivyoishi sisi. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja miaka ileile Langston akiwa Washington na Haiti, mama yake alikuwa suria Mhabeshi, na hakuna aliyeuliza kama Barghash ni huru. Virginia ilikuwa kinyume. Mtoto alifuata hali ya mama. Mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata baba awe nani. Kwa hiyo John alizaliwa huru kwa sababu moja tu: mama yake alikuwa ameshaachwa huru kabla ya kumzaa. Bila hati ile angekuwa mali, katika nyumba ya baba yake mwenyewe.

Nimeamua aya hii ije mwanzo kabisa, kabla ya tarehe ya kuzaliwa. Msomaji asipolielewa hili, mengine yote yatampita pembeni.

18 Januari

Sura ya kwanza imekwisha, kurasa tano.

Wazazi wote wawili walifariki mwaka 1834, John akiwa na miaka minne. Quarles alikuwa ameandika wosia akiwaachia wanawe mali. Watoto wakapelekwa Ohio, kusikokuwa na utumwa, na John akalelewa Chillicothe na William Gooch, rafiki wa marehemu baba yake. Halafu mwaka 1839 familia ya Gooch ikaamua kuhamia Missouri, ambako utumwa ulikuwa halali. Ndugu yake wa kwa mama, William Langston, akaenda mahakamani kuzuia mtoto asivushwe mpaka. Mahakama ikakubali. Mtoto wa miaka tisa alisimama mbele ya watu wazima wakibishana atakaa wapi, na neno la mwisho likatoka kwa hakimu.

Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuona sheria ikifanya kazi. Ilimtenganisha na watu waliokuwa wakimpenda, na hapohapo ikaulinda uhuru wake. Nimeiandika taratibu na sikuweka maoni yangu.

1 Februari

Sura ya pili: kusomea uwakili. Oberlin, huko Ohio, ilikuwa miongoni mwa vyuo vichache vilivyopokea Weusi na wanawake. Langston alipata shahada yake hapo mwaka 1849. Akaomba shule ya sheria huko New York, wakamwambia mlango unaweza kufunguka akijitambulisha kama Mfaransa au Mhispania. Akakataa. Cincinnati nako wakamkatalia. Akarudi Oberlin, akasoma theolojia mpaka shahada ya pili mwaka 1852, ndipo Philemon Bliss, wakili wa mji wa Elyria, akamchukua.

Hapa nilihitaji neno. Wakati ule huko Marekani watu wengi hawakwenda shule ya sheria. Walikaa kwenye ofisi ya wakili, wakasoma vitabu vyake, wakanakili hati zake, kisha wakapimwa na kamati. Nilijaribu "mafunzo kwa vitendo", likasikika kama tangazo la chuo cha ufundi. Mwisho nimeandika "mwanagenzi wa wakili". Seremala anaye mwanagenzi, fundi cherehani anaye, kwa nini wakili asiwe naye? Mheshimiwa amelipenda, na sura nzima amelipigia mstari hilo tu.

9 Februari

Jambo linaloniumiza katika sura hii nimelifikia leo.

Septemba 1854 Langston alipimwa, akafaulu. Lakini sheria za Ohio zilimtaka wakili awe raia mwanamume Mzungu. Swali likapelekwa kwa majaji: huyu ni nani? Ohio ilikuwa na kanuni kwamba mtu ambaye damu yake ya Kizungu inazidi nusu ana haki za Mzungu. Baba Mzungu mtupu, mama mchanganyiko. Hesabu ikapigwa, ikaonekana Langston yuko karibu zaidi na weupe. Akaapishwa. Akawa wakili wa kwanza Mweusi wa Ohio kwa kuhesabiwa kuwa si Mweusi.

Nilikuwa nimeandika "mahakama ilitambua uwezo wake". Nimeifuta. Uwezo wake ulitambuliwa na waliompima, na mahakama ilichofanya ni kupima ngozi. Pia nimeondoa neno "chotara" mahali pote. Huku kwetu kuna wanaolitumia bila ubaya, lakini darasani nina watoto wanaoitwa hivyo kwa dharau, na sitaki wafungue kijitabu changu walikute. Nimeandika baba ni nani, mama ni nani. Inatosha.

10 Februari

Nyongeza fupi. Mheshimiwa ameuliza: kwa nini hakukataa leseni iliyotolewa kwa sababu ile? Nimekaa na swali hilo usiku. Jibu langu, ambalo limeingia kwenye sura, ni kwamba aliichukua na akaanza kuwatetea watu. Kazi yake karibu yote baada ya hapo ilikuwa kuiondoa kanuni ileile iliyompa leseni.

22 Februari

Sura ya tatu: siasa inaanza, tena kwa cheo kidogo kabisa. Mwaka 1854 alimwoa Caroline Wall, aliyesoma Oberlin kama yeye, wakaishi kwenye shamba Brownhelm. Aprili 1855 wakazi wa Brownhelm wakamchagua kuwa karani wa mji. Ni miongoni mwa Weusi wa mwanzo kabisa Marekani kushika cheo cha kuchaguliwa na wananchi. Alimwandikia Frederick Douglass, Mweusi mashuhuri aliyepinga utumwa, kumpa habari: wamemsimamisha Mweusi, ameshinda, na kwa kuwa Mweusi anayeishi mji huu ni mimi peke yangu, jina utalikisia mwenyewe. Furaha ya barua ile inasikika mpaka leo. Nimeipa nusu ukurasa.

Tatizo la lugha: karani wa mji alikuwa mtu wa kuandika mihtasari, kutunza daftari, kushughulikia hati. Nikisema "diwani" ni uongo, nikisema "karani" mwanafunzi ataona mpiga chapa. Nimeandika "karani wa mji, wa kuchaguliwa kwa kura" na kueleza kazi zake kwa sentensi mbili.

Tatizo kubwa zaidi ni "jimbo". Kwetu jimbo ni la mbunge. Kwa Marekani tumezoea kusema jimbo la Virginia, jimbo la Ohio. Langston atakapogombea ubunge nitakuwa na jimbo ndani ya jimbo. Uamuzi: Virginia na Ohio ni majimbo, anakogombea ni "wilaya ya uchaguzi". Nimerekebisha nyuma kote.

Hali: sura tatu kati ya saba, kurasa 17.

6 Machi

Wiki mbili nimezimaliza kwenye kesi moja, na sijutii. Hii ndiyo sura ya nne yote.

Januari 1862, Oberlin. Mwanafunzi msichana, Edmonia Lewis, baba yake Mweusi na mama yake wa kabila la Ojibwe, anakaa nyumba moja na wasichana wawili Wazungu. Wenzake wanajiandaa kwenda matembezi ya kigari cha theluji na vijana. Edmonia anawapa mvinyo wa moto wenye viungo. Njiani wanaugua vibaya. Madaktari wanasema ni sumu ya kantaridi, unga wa mdudu ambao watu waliuamini kama dawa ya mapenzi. Maneno yanaenea. Kabla ya kesi kusikilizwa, usiku mmoja Edmonia anakamatwa na watu wasiojulikana, anapigwa, anaachwa kwenye baridi.

Langston akachukua utetezi. Mji ule uliojivunia kupinga utumwa ulikuwa umegawanyika, na hata baadhi ya Weusi walitamani asiichukue.

Nilimsomea Mheshimiwa ushahidi wa mashtaka mpaka mwisho, madaktari na wote. Akainua kidole kabla sijageuza ukurasa. "Kielelezo kiko wapi?" Nikamwuliza kielelezo gani. "Hiyo sumu. Nani kaipima? Matapishi yalihifadhiwa? Daktari anasema anadhani. Mimi hapo sijaona kosa bado, sembuse mkosaji."

Nikageuza ukurasa nikamwonyesha. Ndicho alichosema Langston mbele ya mahakimu wawili waliosikiliza shauri. Hakuna kilichotoka matumboni mwa wasichana wale kilichohifadhiwa wala kupimwa. Kama haikuthibitishwa kwamba sumu ilikuwepo, hakuna kosa la kumshtaki mtu. Shauri likaondolewa. Wenzake wakambeba Edmonia juujuu kutoka mahakamani. Baadaye alikwenda Boston, kisha Roma, akawa mchongaji wa sanamu mwenye jina kubwa.

Mimi nilikuwa nimeandika mistari minne kueleza uamuzi ule. Mheshimiwa ameikata yote na kuandika kwa kalamu nyekundu maneno manne ambayo kila mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama nchini anayajua: hana kesi ya kujibu.

14 Machi

Leo nimeisoma sura ya nne darasani, kidato cha tatu. Nilisimama kabla ya utetezi nikawauliza: mnamhukumuje? Zaidi ya nusu walisema ana hatia, kwa sababu madaktari wamesema. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwenye midahalo huwa hasemi, aliuliza kama wale waliompiga walikamatwa. Hilo halikuwa kwenye rasimu yangu. Nimerudi kuandika wazi kwamba Edmonia ndiye aliyepandishwa mahakamani, si waliompiga.

23 Machi

Sura ya tano inakwenda haraka, kwa makusudi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe: Langston anaandikisha askari Weusi, vikosi vya 54 na 55 vya Massachusetts, kisha kikosi cha Weusi cha Ohio. Mwaka 1864 anachaguliwa kuongoza umoja wa kitaifa wa kudai haki sawa, kwenye mkutano wa Syracuse. Baada ya vita anazunguka majimbo ya Kusini akikagua shule za watu waliotoka utumwani.

Nilitaka kumpa kaka yake Charles sura nzima. Mwaka 1858 watu wa Oberlin na Wellington walimpokonya John Price, mtoro wa utumwa, kutoka mikononi mwa waliomkamata. Watu 37 wakashtakiwa, wawili tu wakasikilizwa kesi zao na kutiwa hatiani, mmoja wao Charles. Alipopewa nafasi ya kusema kabla ya adhabu, alihutubia kwa nguvu kiasi kwamba jaji akampa siku 20 na faini ya dola 100, wakati mwenzake alikuwa amepewa siku 60 na dola 600. Charles ndiye babu wa mshairi Langston Hughes, na jina la mshairi limetoka huko. Lakini kijitabu ni cha John. Charles amepata ukurasa mmoja.

Howard imepata mitatu. Januari 1869 idara ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard, Washington, ilianza kufundisha chini ya Langston, masomo yakiwa jioni kwa sababu wanafunzi walikuwa na kazi zao za mchana. Mwaka 1872 akahitimu hapo Charlotte Ray, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa wakili Marekani. Mtu aliyefungiwa milango ya shule za sheria, miaka 14 na ushee baada ya kuapishwa, alikuwa anashika ufunguo wa shule nzima. Alikaimu pia urais wa chuo, lakini bodi ikamnyima cheo chenyewe, akajiuzulu mwaka 1875. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya haki za kiraia ambayo alimsaidia Seneta Charles Sumner kuitunga. Mwaka 1883 Mahakama ya Juu ikaibatilisha.

5 Aprili

Haiti. Rais Hayes alimteua balozi mkazi huko Port-au-Prince mwaka 1877, akakaa mpaka 1885. Nilidhani sura hii itakuwa ya bahari na mapokezi ya ikulu, kumbe kilichonivuta ni hati ya mshahara.

Sheria ya Marekani ilisema balozi wake huko Haiti alipwe dola 7,500 kwa mwaka. Miaka ya mwisho, bajeti ya Bunge ikatenga dola 5,000 tu, wala sheria ya 7,500 haikufutwa. Aliporudi nyumbani Langston akaidai serikali yake dola 7,666.66. Nilichukua kalamu nikahesabu kama ninavyowafanyia wanafunzi: pengo ni 2,500 kwa mwaka, miaka mitatu ni 7,500, zinabaki 166.66, yaani siku ishirini na ushee. Hakuacha hata zile siku chache.

Mwaka 1886 Mahakama ya Juu ikaamua kwa upande wake. Kutenga fedha pungufu peke yake hakufuti kiwango kilichowekwa na sheria. Mheshimiwa alicheka kwa furaha, akasema watumishi wote wa umma duniani wana deni kwa mtu huyu.

20 Aprili

Sura ya saba, uchaguzi wa 1888. Tayari alikuwa Petersburg, Virginia, ambako tangu 1885 hadi 1887 aliongoza chuo cha walimu Weusi. Akagombea ubunge katika wilaya ya nne, yenye Weusi wengi. William Mahone, aliyekuwa jenerali wa jeshi la Kusini na sasa ndiye mwenye chama cha Republican cha Virginia, chama cha Langston mwenyewe, mkononi, hakumtaka. Kundi lake likamsimamisha Mzungu, R. W. Arnold. Chama cha Democrat kikamsimamisha Edward Venable. Venable akatangazwa mshindi kwa tofauti ya kura 641.

Wasomaji wangu hawahitaji kuelezwa uchungu wa matokeo yenye mashaka, wanahitaji kuelezwa yalivyofanyika. Kura hazikuwa za siri kama tunavyojua. Karatasi zilichapishwa na vyama vyenyewe. Vituoni waliweka foleni mbili, ya Wazungu na ya Weusi, na ya Weusi ikasogezwa polepole mno, wengine wakafungiwa muda bila kupiga kura.

Hapa nimeongeza kisanduku cha maelezo: kwetu kesi ya kupinga matokeo ya ubunge inakwenda Mahakama Kuu, lakini Marekani Baraza la Wawakilishi lenyewe ndilo linaloamua nani ni mbunge wake halali. Kwa hiyo Langston aliwasilisha ushahidi wake mbele ya watu walewale aliotaka kukaa nao.

4 Mei

Tangu muhula uanze mpaka Baraza likaamua ilipita zaidi ya miezi 18. Wabunge wa Democrat walitumia silaha ya akidi: wakitoka nje, Baraza halina idadi ya kutosha kuamua. Zamani iliwatosha kukaa kwenye viti na kunyamaza jina linapoitwa, lakini Januari 1890 Spika Thomas Reed alikuwa ameanza kuwahesabu walioko ukumbini hata wakinyamaza. Ikabidi watoke kwa miguu yao. Tarehe 23 Septemba 1890 ukumbi upande mmoja ukiwa viti vitupu, Republican wakapata idadi yao, wakapiga kura, Langston akaapishwa.

Kikao kikafungwa tarehe 1 Oktoba. Novemba akashindwa uchaguzi mwingine na James Epes. Muhula wake ukaisha tarehe 3 Machi 1891. Nimehesabu kwenye kalenda: siku 161 tangu kiapo, kati ya muhula wa miaka miwili aliouchaguliwa.

Rasimu ya kwanza niliandika "alihudumu kwa muda mfupi". Mheshimiwa ameweka alama: mfupi kwa sababu gani? Nimeandika upya: wapiga kura wa wilaya ya nne walikaa zaidi ya mwaka na nusu wakiwakilishwa na mtu ambaye Baraza lenyewe baadaye lilisema hakushinda. Virginia haikupeleka tena mbunge Mweusi mpaka Bobby Scott alipoingia mwaka 1993.

11 Mei

Jambo la uaminifu ambalo nimelisogeza tangu Februari. Mengi ya utotoni mwake tunayajua kutoka tawasifu yake ya mwaka 1894, na humo hajiiti "mimi" bali "Bwana Langston", kama anamshuhudia mtu mwingine. Anajisifu, tena kwa wingi. Nimepitia sura zote saba: pale ambapo habari ni yake peke yake nimeandika "anasimulia", na kilichoamuliwa na mahakama au Bunge kimeandikwa kama tukio. Vitenzi 23 vimebadilika. Nampenda mtu huyu, na kwa sababu hiyohiyo nataka ushahidi wake utiwe kwenye mizani ileile aliyoitumia kwa Edmonia.

Alifariki Washington tarehe 15 Novemba 1897.

27 Mei

Kurasa 44, nne zaidi ya mpango. Nakala ya majaribio imetoka steshenari leo asubuhi. Kwenye ukurasa wa 31 namba 7,666.66 imechapwa 7,666.00, nimeirekebisha kwa mkono na kupeleka faili upya. Ramani ya Ohio na Virginia inachorwa na mwanafunzi wa kidato cha nne, amebakiza mto Ohio. Nakala 60 za kwanza zitakuwa tayari Jumatatu. Ya kwanza nitaivusha barabara mwenyewe, niiweke barazani kwa Mheshimiwa, pamoja na kalamu nyekundu mpya, maana ile ya kwanza imemwishia kwenye sura ya saba.